Somo la Noeli: Kwa Nini Twala Pamoja?



Ndugu wasikilizaji, katika siku hizi za Majilio wakatekumeni watuuliza neno moja: Karamu ya Noeli ni jambo la Kanisa, ama ni desturi ya tumbo tu? Wako waulizao kwa aibu, kwa sababu hawana kitu cha kupika. Kwa ajili yao hasa twatoa somo hili.

Tutazame kwanza Injili ya Mtakatifu Luka. Yezu alizaliwa Betlehemu, na jina hilo katika Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Mama yake alimlaza wapi? Katika hori, yaani chombo ambamo ng'ombe na punda huwekewa majani yao. (Sisi watu wa msitu hatuna mahori, mbuzi wetu hujitafutia wenyewe nyuma ya nyumba. Ndiyo maana hatuna budi kulieleza neno hili kila mwaka.) Basi, tangu saa ya kwanza Mwana wa Mungu aliwekwa mahali pa chakula. Baadaye alikula arusini Kana, akala nyumbani mwa watoza ushuru, na mwisho akatupa Mwili wake kuwa chakula chetu. Meza ya altare ni ya kwanza; meza ya nyumbani huifuata, kama mtoto amfuatavyo mama yake kwenda mtoni. Anayekula nyama ya Noeli bila kufika Misa amemwacha mama njiani.

Wengine waogopa Noeli ikiangukia Ijumaa, kama ilivyokuwa mwaka 2020. Wasiogope. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba Ijumaa iliyo sikukuu kuu haina katazo la nyama. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekufa mwaka 1226, aliulizwa neno hili hili na ndugu zake. Akajibu kwamba siku hiyo angependa hata kuta za nyumba zile nyama, na kama haziwezi kula, basi zipakwe kwa nje! Tena alitaka matajiri washibishe maskini, na ng'ombe na punda waongezewe majani. Mtakatifu huyo alikuwa fukara kuliko sisi sote.

Sisi wa Kisangani tunayo sababu nyingine ya kuipenda siku hii. Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika hapa penye maporomoko mwaka 1897, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule ikaanza misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Tena tukumbuke Noeli ya mwaka 1964. Katika maasi ya Wasimba mapadri na masista wengi walikuwa wameuawa, na jamaa nyingi zilikuwa zimekimbilia msituni, pasipo padri, pasipo chumvi. Hata hivyo Noeli ilikuwa Noeli.

Sasa tuseme juu ya deni, maana hapo ndipo wengi huumia. Twamjua baba mmoja wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Buta. Mpunga wake haukuzaa vema, naye akakopa fedha kwa mchuuzi ili anunue mbuzi, pamoja na nguo mpya za watoto 5. Mbuzi aliliwa siku moja. Deni lilikaa hadi mavuno, na mtoto wa kwanza akarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa malipo. Noeli iliyofuata baba huyo alijifungia ndani na jamaa yake, wasionekane kanisani na nguo kuukuu. Tulipita mbele ya mlango wake baada ya Misa tukasikia watoto wakinyamazishwa. Nasi tulikuwa na kosa, kwa kuwa mwaka uliotangulia tulimsifu mbele ya watu wote kwa ajili ya mbuzi wake.

Tangu siku ile tumegeuza desturi katika jumuiya yetu. Kila nyumba huleta kile ambacho shamba au mto umekitoa: ndizi za kuponda kwa lituma, sombe yenye mawese, samaki aliyefungwa katika majani, wali, kuku kwa aliye naye. Akina mama hupika pamoja, na hakuna anayetangaza nani ameleta nini. Baba yule alileta mkungu mmoja wa ndizi na chupa ya mawese, akaketi kati ya wenzake. Mjane na mgonjwa hupelekewa sahani kabla wenye afya hawajanawa mikono.

Na jirani aliye Mwislamu? Waislamu wako Kisangani tangu siku za Tippu Tip, na wengi wao ni shemeji zetu na wajomba zetu. Twamwomba yeye mwenyewe achinje kuku atakaoliwa mezani pake, na nyama ya nguruwe hupikwa katika chungu cha mbali. Ndugu wa makanisa mengine nao waitwe. Juu ya lotoko hatusemi mengi: fedha ya chupa moja yatosha kununua chumvi ya chungu kizima.

Tena, Noeli haiishi jioni ya tarehe 25. Kanisa huishangilia kwa siku 8, hadi tarehe 1 Januari. Asiyepata kitu siku ya kwanza aweza kumwita ndugu yake siku ya tatu, akiwa amerudi kutoka mtegoni, na hiyo ni Noeli kamili.

Wakristu wa vijiji vya mbali wafike tarehe 24 kabla ya jua kutua, ili wagawiwe nyumba za kulala. Kila mtu achukue mkeka na sahani yake.