Mona Lisa aliyepitia mikono mitatu

Kati ya 1854 na 1855, Mfaransa Gustave Le Gray alitengeneza picha ya Mona Lisa. Sura ni ile ile na mikono imelaliana kama ilivyochorwa na Leonardo da Vinci miaka 350 hivi kabla yake. Lakini kamera ya Le Gray haikuelekezwa kwenye kazi ya Leonardo. Alichopiga ni nakala iliyochorwa kwa mkono na msanii mwingine, Aimé Millet.

Mpigapicha hodari, tena wa Paris kwenyewe iliko Louvre, jumba la makumbusho lenye mchoro huo, azunguke njia hiyo ya nini? Kemia ya wakati ule inatosha kutuelewesha.

Picha za enzi hizo zilitegemea chumvi za fedha, ambazo hubadilika zikipigwa na mwanga. Si kila mwanga, hata hivyo. Buluu na zambarau ziliziamsha upesi, kijani kidogo tu, nyekundu karibu si kitu. Ndiyo maana joho la buluu lilitoka jeupe na midomo myekundu ikatoka kama imepakwa masizi. Hata njano, ambayo jicho letu huiona inang'aa, kwenye picha ilikuwa giza.

Sasa mfikirie Mona Lisa: rangi za kahawia na kijani kilichofifia, na juu yake vanishi iliyogeuka njano kwa uzee. Vanishi ya njano humeza mwanga wa buluu, yaani ule ule ambao chumvi za fedha zinauhitaji.

Mchoro wa penseli au wino hauna usumbufu huo, kwa kuwa ni weusi juu ya weupe. Kwa hiyo kamera, inayosemwa kuwa iliwanyang'anya wachoraji kazi, kwa miaka mingi iliwategemea wawe wakalimani wake. Mimi ningependa picha ya namna hii iandikwe majina yote matatu: Leonardo, Millet, Le Gray. Jina la katikati ndilo husahaulika, na mwenye jina hilo ndiye aliyeamua kivuli kikae wapi shavuni.

Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani za kutia nguo zikichanganywa na kemikali za picha, bamba la kupigia picha huanza kuiona kijani. Mabamba yanayoiona vizuri nyekundu pia yalisubiri hadi karne ya 20.

Ukikutana na picha ya zamani ya mchoro maarufu, tafuta kwanza mipasuko ya rangi iliyozeeka. Ukiona mistari ya penseli badala yake, ulizia nakala ilichorwa na nani.