Umbali wa anga kati ya Dodoma na Dar es Salaam

Umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Dodoma (alama DOD) na Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam (DAR) ni takribani kilomita 390. Kwa barabara, kupitia Morogoro na Chalinze, ni takribani kilomita 450. Tofauti inatokana na kwamba ndege hufuata njia fupi kuliko zote juu ya uso wa Dunia, ilhali barabara huzunguka milima na kupitia miji.

Jinsi ya kukokotoa

Uwanja wa Dodoma uko latitudo 6°10′ kusini na longitudo 35°45′ mashariki. Ule wa Dar es Salaam uko 6°53′ kusini na 39°12′ mashariki.

Tofauti ya latitudo ni dakika 43. Kwa kuwa nyuzi 1 ni takribani km 111, tofauti hiyo ni km 80. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 3 na dakika 27. Katika latitudo hii nyuzi 1 ya longitudo ni pungufu kidogo, takribani km 110.5, hivyo tunapata km 381. Kwa kanuni ya Pythagoras, kipeo cha pili cha 80 kikijumlishwa na cha 381, kipeuo cha jumla hiyo ni takribani 389.

Njia hii inafaa kwa umbali mfupi karibu na ikweta. Kwa safari ndefu, kama Dar es Salaam hadi London, ni lazima kutumia kanuni za duara kubwa, kwa sababu Dunia ni mviringo.

Muda wa safari

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-400 ikienda km 650 kwa saa ingemaliza km 390 kwa dakika 36. Hata hivyo, ratiba huonyesha muda wa saa 1 au zaidi kidogo. Muda huo unahesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, na ndani yake kuna kutembea ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, kupaa na kushuka. Upepo nao huweza kuongeza au kupunguza dakika.

Msafiri huongeza pia muda wa kufika uwanjani mapema, ukaguzi, mizigo na foleni za magari za Dar es Salaam. Akitumia saa 2 kabla ya kuruka na dakika 45 baada ya kutua, safari yake nzima inakaribia saa 4. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hutumia muda usiopishana sana na huo.

Mwinuko na uwanja mpya

Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hasa wakati wa joto, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko pwani. Kwa sababu hiyo pia, Uwanja wa Kimataifa wa Msalato, kaskazini mwa jiji, umepangiwa njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Uwanja wa sasa umo ndani ya jiji. Msalato uko mbali zaidi, hivyo muda wa safari ya ardhini utaongezeka ingawa ule wa angani hautabadilika sana.