Sinki la zamani si chuma chakavu

Tangu ofisi za wizara zifunguliwe hapa Mtumba mwaka 2019, wenye nyumba wengi wa Dodoma wanatengeneza nyumba zao za zamani wapate wapangaji. Juma lililopita nilimkuta mzee mmoja jirani akimwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu sinki lake la jikoni.

"Mwanangu, limekwisha," aliniambia. "Fundi kasema ling'olewe."

Mafundi wetu nao! Kung'oa kunalipa kuliko kusafisha.

Nililigonga, likalia mlio mzito. Lilikuwa la chuma cha kusubu kilichopakwa enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa tanuruni ukagandana na chuma. Ukitaka kulitofautisha na la udongo, peleka sumaku, itanasa. Ukungu ule mweupe ulikuwa chumvi na chokaa ya maji ya kisima. Magadi soda na kitambaa laini huuondoa polepole. Waya wa kusugulia masufuria hukwangua enameli, na ndimu ikilala juu yake hula mng'ao. Kutu huanzia pale tu enameli ilipobanduka.

Tulisugua kona moja, ikang'aa. Mnunuzi aliondoka na mizani yake mitupu.