Kuchepuka si Kupotoka

Msemaji anapoliacha jambo alilosimama kulisemea na kushika jingine, Kiswahili kina maneno kadhaa ya kulieleza tendo hilo. Wafasiri na makatibu wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Si mamoja, na katika kumbukumbu za mkutano tofauti yake yaweza kumdhulumu mtu.

Tuanze na "mada". Neno hili ni la Kiarabu, nasi tumelikopa mara mbili: "maada" ya wanasayansi, yaani kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi, na "mada" ya mazungumzo. "Hoja", nayo ya Kiarabu, asili yake ni dalili ya kuthibitishia neno. Bungeni imekuwa jambo linalotolewa ili lijadiliwe na kuamuliwa. Hivyo mtu aweza kuwa ndani ya mada na papo hapo akawa nje ya hoja. Anayesimulia jinsi chai inavyopandwa, hali hoja ni bei ya majani mabichi, hajaiacha chai.

Maneno yaliyosalia ni ya safari. "Kuchepuka" ni kuiacha njia kuu na kushika nyingine. Aliyetembea Rungwe ataelewa upesi: barabara ni hii, nyumba uiendeayo imo ndani ya migomba, hapana budi uchepuke. Mwenye kuchepuka ajua aendako. "Kukengeuka" ni kuiacha njia iliyo sawa, na hufaa zaidi kwa mtu aliyeuacha wajibu wake. "Kupotoka" lina nasaba na "kupota", yaani kusokota nyuzi. Kilichopotoka kimepindika, na kwa mwanadamu neno hili hugusa tabia yake.

Haya niliyajifunza kwa aibu. Katika mkutano mmoja huko Lupepo nilishika kalamu ya katibu. Tulizungumzia njia ya kupitishia majani ya chai. Mzee mmoja akaanza na habari za chemchemi ya zamani, akakawia huko, watu wakaguna. Nikaandika: "Mzee alipotoka." Muhtasari uliposomwa katika mkutano uliofuata, alisimama taratibu.

"Mwanangu, mimi nimepotoka lini? Nilisema maji yale hurudi kila masika, na njia yenu mmeipitisha juu yake."

Onyo lake halikuwamo katika muhtasari hata kwa neno moja. Kitenzi changu kilikuwa kimekwisha kulihukumu, nami sikuona haja ya kuliandika. Tulisahihisha: "Alieleza kwanza habari za chemchemi, kisha akaonya kwamba njia itapita penye maji." Sentensi ni ndefu zaidi, lakini yasema kilichosemwa.

Kwa matumizi ya kawaida, "kutoka nje ya mada" yatosha, nayo iandikwe pale tu msemaji asiporejea. Akirejea, amechepuka. Taabu iko kwenye nomino. "Mchepuo" limekwisha kushikwa na shule kwa maana ya mkondo wa masomo, na "mchepuko" siku hizi mitaani ni mpenzi wa nje ya ndoa. Kwa hiyo napendekeza "maelezo ya kando". Kitenzi "kuchepuka" kingali chavumilika katika muhtasari, ingawa hata hicho, mimi binafsi, nasita kukiandika karibu na jina la mzee mwenye mke.