Fedha Iliyo Benki na Bei Iliyo Sokoni: Namna ya Kuipima Hisa ya Kampuni ya Programu

Mwanzoni mwa mwaka 2003, wenye hisa wa Liquid Audio, kampuni iliyokuwa na makao yake Redwood City katika jimbo la California, na ambayo kazi yake ilikuwa ni kutunga programu za kuuza na kusafirisha muziki kwa intaneti, walilipwa dola 2.50 kwa kila hisa waliyoimiliki; na malipo hayo hayakuwa gawio la faida, maana faida kampuni haikuwa nayo, bali yalikuwa ni sehemu ya rasilmali ileile ambayo umma uliikabidhi mwezi Julai 1999, hisa zake zilipotiwa sokoni kwa mara ya kwanza kwa dola 15, katika siku ambazo kampuni yoyote yenye kunasibishwa na intaneti ilikimbiliwa na wanunuzi.

Kabla ya malipo hayo, soko lilikuwa limeikadiria kampuni hii nzima, pamoja na programu zake, hataza zake, jina lake na mafundi wake, kwa thamani iliyo pungufu ya fedha iliyowekwa benki kwa jina lake. Msomaji asiyezoea mambo ya hisa atadhani pana kosa la hesabu, lakini kosa halikuwapo. Fahirisi ya Nasdaq, iliyofunga kwenye 5,048 tarehe 10 Machi 2000, ilikuwa imeporomoka hata 1,114 tarehe 9 Oktoba 2002, na katika mporomoko huo makampuni mengi ya programu yalijikuta katika hali hiyohiyo: hazina imejaa, biashara haina matumaini, na hisa zimeachwa na kila mtu. Je, ilikuwa ni busara kununua? Kipo kipimo cha zamani, kilichobuniwa kwa ajili ya viwanda, ambacho hulijibu swali hilo hilo. Nami naamini kwamba kinafaa kwa kampuni za programu, tena pengine kinafaa zaidi kuliko kwa viwanda, maadamu mpimaji anaongeza mambo mawili ambayo mizania haimwonyeshi, nayo ni muda na mamlaka.

Aliyekibuni kipimo hicho ni Benjamin Graham, aliyezaliwa London mwaka 1894, akachukuliwa New York angali mtoto mchanga, akaja kuwa mwekezaji na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1932, fahirisi ya Dow Jones ilipokuwa imeshuka kutoka 381 ya Septemba 1929 hata kufikia 41 mwezi Julai, Graham aliandika makala tatu katika jarida la Forbes akiuliza kama biashara za Marekani zina thamani kubwa zaidi zikifa kuliko zikiwa hai. Hakuuliza kwa kutafuta mshangao. Uchunguzi uliofanywa Columbia ulikuwa umeonyesha kwamba, katika makampuni 600 ya viwanda yaliyoorodheshwa katika soko la New York, zaidi ya 200 yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya mali yao ya muda mfupi baada ya kuondoa madeni, na zaidi ya 50 yaliuzwa chini hata ya fedha taslimu na dhamana zao peke yake. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenziwe David Dodd walitoa kitabu kikubwa juu ya uchambuzi wa dhamana, na humo kanuni ikawekwa barabara.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Chukua mali ya muda mfupi, yaani fedha taslimu, amana na dhamana ziuzikazo upesi, madai yaliyo kwa wateja, na bidhaa zilizo ghalani. Toa madeni yote, ya karibu na ya mbali, na haki za wenye hisa za upendeleo. Majengo, mitambo, hataza na sifa njema ya biashara uvihesabu kuwa ni bure. Kisha kinachobaki, ambacho ndicho mtaji halisi wa kuendeshea biashara, ukigawe kwa idadi ya hisa. Graham alipendelea kununua ikiwa bei haizidi theluthi mbili ya matokeo hayo, ili theluthi iliyobaki iwe kinga dhidi ya yale ambayo hesabu haikuyaona, wala hakutegemea kampuni moja, bali alinunua nyingi kwa pamoja, akijua kwamba baadhi yake zitaangamia. Na mtu akitaka kuwa mkali zaidi, kitabu kile kilimwelekeza ahesabu fedha taslimu kwa ukamilifu wake, madai kwa wateja kwa kadiri ya asilimia 80, na bidhaa za ghalani kwa theluthi mbili.

Hapo ndipo kampuni ya programu inapotengana na kiwanda. Mpimaji wa kiwanda cha nguo au cha viatu hukesha akiwaza bidhaa za ghalani, kama zitapata mnunuzi au zimekwisha pitwa na wakati, ilhali kampuni ya programu haina ghala, na mali yake ya muda mfupi aghalabu ni fedha tupu, ambayo thamani yake haibishaniwi. Kwa upande wa pili, kile kilichogharimu jasho la miaka, yaani programu yenyewe, mara nyingi kimekwisha andikwa katika daftari kuwa ni matumizi na hakionekani katika mizania hata kidogo. Mnunuzi kwa hiyo analipia fedha kwa fedha, na programu anaipata bila bei. Liquid Audio ni shahidi mwema wa jambo hili: mwezi Septemba 2002 Microsoft ilizinunua hataza zake kwa dola milioni 7, na dola hizo, kwa mwenye kufuata kanuni ya Graham, zilitoka katika kitu alichokihesabu kuwa ni bure.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane wazi. Kampuni ya programu ina fedha na amana za dola milioni 48, inawadai wateja wake milioni 6, na imelipia kabla ya wakati bima na huduma nyingine za milioni 1. Jumla milioni 55. Inadaiwa milioni 5 na wauzaji na watumishi wake, na milioni 8 nyingine ni malipo ya wateja waliokwisha kulipia leseni na matengenezo ya mwaka, ambayo kampuni haijayatimiza bado. Zinabaki milioni 42, na hisa zikiwa milioni 20, fungu la kila hisa ni dola 2.10. Theluthi mbili yake ni dola 1.40, na sokoni hisa inauzwa kwa 1.30.

Mwenye pupa hununua papo hapo. Mwenye subira hukadiria madai kwa asilimia 80, huyafuta malipo ya kabla kwa kuwa bima haitalipa deni la mtu, na dola 2.10 zinashuka hata 1.99. Kisha anasoma maelezo yanayoifuata mizania, anakuta kwamba kampuni imejifunga kupanga ofisi kwa miaka mitano kwa dola milioni 2 kila mwaka, ahadi ambayo hadi mwaka 2019 viwango vya uhasibu vya Marekani, kama vile vya kimataifa vitumikavyo Nairobi na Dar es Salaam, viliruhusu iachwe nje ya mizania. Akiitoa milioni 10 hiyo, zinabaki dola 1.49. Na mikataba ya namna hii haikuwa haba katika mwaka 2001: makampuni yaliyopanga ghorofa nzima wakati wa neema yaliendelea kuzilipia hali vyumba ni vitupu.

Lile deni la milioni 8 kwa wateja linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ni la kampuni za programu hasa, na wachambuzi wengi hubishana juu yake. Wako wasemao kwamba si deni la kweli, kwa kuwa mteja hatarudishiwa fedha bali atapewa huduma, na huduma ya programu iliyokwisha tungwa haigharimu ila robo ya bei yake au chini ya hapo. Kwa hiyo, wanasema, tutoe milioni 2 badala ya 8. Hoja hiyo ni ya haki ikiwa kampuni itaendelea kuishi. Lakini mtu anayenunua hisa kwa ajili ya hazina ananunua kwa dhana kwamba biashara itakoma, na biashara ikikoma mteja aliyelipia miezi kumi na miwili akapata mitatu ana haki ya kudai fedha yake. Huwezi kuidhania kampuni kuwa hai ukifika kwenye madeni, kisha ukaidhania kuwa imekufa ukifika kwenye fedha. Mimi huitoa milioni 8 yote, isipokuwa yuko mnunuzi wa biashara aliyekwisha tia sahihi ya kuyachukua majukumu hayo.

Bado muda. Kiwanda kikisimama, mashine hazili, lakini kampuni ya programu matumizi yake makubwa ni mishahara, na mishahara hulipwa kila mwezi iwe wateja wamekuja au hawakuja. Kampuni yetu ya mfano, ukiacha kodi ya ofisi, inapoteza dola milioni 3 kila robo mwaka. Baada ya mwaka mmoja milioni 12 zimekwenda, na lile fungu la 1.49 limekuwa senti 89. Hisa iliyoonekana ni rahisi kwa dola 1.30 kumbe ni ghali, na soko ambalo mwenye pupa alilidhania halina akili lilikuwa linahesabu miezi, hali yeye anahesabu fedha iliyoandikwa siku moja tu ya mwaka. Hazina ya kampuni ya namna hii ni mtungi unaovuja, na anayeupima sharti ajue si ujazo wake tu bali na upana wa ufa.

Nani basi mwenye mamlaka ya kuuziba ufa? Graham alilijua swali hili kabla hajaiandika kanuni yake. Mwaka 1926, akipekua katika jiji la Washington hati ambazo makampuni ya mabomba ya mafuta yalitakiwa kuziwasilisha serikalini, aligundua kwamba Northern Pipe Line, ambayo hisa yake iliuzwa kwa dola 65, ilikuwa imeweka hati fungani za thamani ya kiasi cha dola 95 kwa kila hisa, wala biashara yake haikuzihitaji. Akawaendea wakurugenzi, wakamkatalia. Akasafiri hata mji wa Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano mkuu wa Januari 1927, akanyimwa nafasi ya kusema kwa kukosa mtu wa kuiunga mkono hoja yake. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na sauti za wenye hisa wa kutosha kupata viti viwili kati ya vitano vya bodi, na haukupita muda mrefu kampuni ikawagawia wenye hisa dola 70 kwa kila hisa.

Yaliyotokea Liquid Audio yanafanana na hayo kwa namna ya ajabu. Kundi la wawekezaji lililoongozwa na kampuni ya MM, likiwa na zaidi kidogo ya asilimia 7 ya hisa, lilitoa tarehe 26 Oktoba 2001 shauri la kuinunua kampuni nzima kwa kiasi cha dola 3 kwa hisa. Bodi ikakataa, ikisema bei haitoshi. Kundi likatangaza kwamba litagombea viti viwili vilivyokuwa vinafikia muda wake, maana bodi ilikuwa na wakurugenzi watano waliogawanywa katika makundi matatu, na kwa mpango huo haikuwezekana kuwabadilisha wote kwa mwaka mmoja. Juni 2002 bodi ikatangaza kuiunganisha kampuni na Alliance Entertainment, muungano ambao baadaye ulivunjika, na mkutano mkuu ukaahirishwa. Ilipodhihirika mwezi Agosti kwamba wagombea wa MM watashinda, bodi iliongeza idadi ya viti kutoka vitano hadi saba na kuvijaza viwili vipya kwa watu iliowateua yenyewe, ili wale wawili watakaoingia kwa kura wawe wawili kati ya saba. Tarehe 26 Septemba walichaguliwa, kama ilivyotazamiwa.

Nalikasirikia jambo hili hata leo, kwa kuwa fedha iliyokuwa inagombewa haikuwa ya wakurugenzi wala haikuchumwa na wao. Ilikuwa ni ya wenye hisa, na kila robo mwaka ya mabishano ilikuwa ni robo nyingine ya mishahara na ada za mawakili. Kundi la MM lilipofungua kesi katika jimbo la Delaware, mahakama ya chini iliwaunga mkono wakurugenzi. Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo hilo, tarehe 7 Januari 2003, ilitengua hukumu hiyo, ikaona kwamba kusudi la msingi la kuongeza viti lilikuwa ni kudhoofisha nguvu ya wale ambao wenye hisa wangewachagua, na kwamba bodi haikuonyesha sababu nzito ya kuhalalisha tendo hilo.

Kwa hiyo ripoti ya kampuni ya namna hii siianzi kwa mizania. Naanza kwa taarifa ya mwaliko wa mkutano mkuu, nikitafuta wakurugenzi ni wangapi, kila mmoja muda wake unakwisha mwaka gani, ana hisa ngapi alizozinunua kwa fedha yake mwenyewe, na kama katiba ya kampuni inawaruhusu kuongeza viti bila kuwauliza wenye hisa.