Tindikali ya tumbo huweza kudhuru koo bila kiungulia

WATU wengi wakisikia kuwa tindikali imepanda kutoka tumboni hufikiria kiungulia tu. Lakini tindikali hiyo huweza kupita kwenye umio hadi kooni na kwenye zoloto, kiungo kinachotoa sauti, bila mgonjwa kuhisi kiungulia chochote.

Dalili zake ni sauti kukwaruza, kikohozi kisichokwisha, kukohoa kila mara ili kusafisha koo na kuhisi donge kooni. Kwa kuwa hufanana na za mafua au mzio, wengi hutumia dawa za kikohozi na antibiotiki kwa miezi kadhaa bila nafuu.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni maelezo ya mgonjwa. Mwaka 2002, madaktari wa Marekani, Peter Belafsky, Gregory Postma na Jamie Koufman, walichapisha dodoso la maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 5. Jumla inayozidi 13 huleta shaka ya ugonjwa, lakini haiuthibitishi.

Hatua ya pili ni kutazama zoloto kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Wekundu na uvimbe huweza pia kusababishwa na sigara, mzio au kutumia sauti kupita kiasi. Faida kubwa ya kipimo hiki ni kubaini maradhi mengine, ikiwemo saratani na kifua kikuu cha zoloto.

Je, mgonjwa apewe tu dawa ya kupunguza tindikali? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wagonjwa 346 wenye matatizo sugu ya koo. Waliotumia lansoprazole kwa wiki 16 hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri asiye na kiungulia apimwe kwanza. Mrija mwembamba hupitishwa puani hadi kwenye umio na kurekodi upandaji wa tindikali kwa saa 24, huku mgonjwa akila na kulala kama kawaida.

Anayekwaruza sauti kwa zaidi ya wiki nne amwone daktari wa masikio, pua na koo. Mwenye shida ya kumeza au kupumua, uvimbe shingoni, anayekohoa damu au kupungua uzito asisubiri muda huo.