Gazeti la kale la Taveta na simu yako

Mwambie kijana wa Mboghoni kwamba mojawapo ya magazeti ya kwanza ya Kenya lilitolewa hapa Taveta, atadhani unamchezea shere. Lakini ni kweli. Mwaka wa 1895 wamisionari wa CMS walianzisha Taveta Chronicle, miaka saba kabla ya African Standard, ambalo leo ni The Standard, kuanza Mombasa mwaka wa 1902.

Hata hivyo, wasomaji waliolengwa zaidi walikuwa Wazungu. Wenyeji waliandikwa tu, kalamu ilikuwa ya wengine.

Leo kalamu iko mfukoni mwako. Mto Lumi ukivunja kingo zake usiku, mkulima wa ndizi hangoji mwanahabari atoke Voi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Anarekodi video, anaitupa WhatsApp, na kabla hakujapambazuka jamaa zake Nairobi washapiga simu kuuliza kama watoto wako salama.

Shida huanzia hapo hapo. Mtu mwingine anaposti picha ya mafuriko ya miaka iliyopita, tena ya mahali pengine, akidai daraja limesombwa. Watu wa boda wanakataa safari. Mama aliyekuwa apeleke ndizi sokoni Taveta anabaki nazo hadi zinaiva nyumbani. Hasara ni yake, si ya aliyeposti.

Mwanahabari angeuliza kwanza: picha hii ilipigwa lini? Wapi? Nani aliona? Kisha angempigia chifu, na pia yule anayelaumiwa. Kazi hiyo haihitaji ofisi kubwa. Inahitaji subira na bando.

Tatizo ni nani atailipia subira hiyo. Matangazo mengi ya biashara yaliyolisha magazeti yamehamia Google na Facebook, na vyumba vya habari nchini vimekuwa vikipunguza wafanyakazi. Waandishi wa mashinani huumia zaidi, kwani wengi hulipwa kwa kila habari inayotumika. Habari ya Mboghoni inayomtaka mtu aende Mwatate, makao makuu ya kaunti, mara mbili, huenda isirudishe hata nauli. Ndiyo maana siasa za Nairobi zimejaa kila mahali, na mfereji wenu uliokauka hauonekani popote.

Sasa wewe kijana ufanyeje? Usingoje kuajiriwa ndipo uulize maswali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua: mradi wa maji ulitengewa pesa ngapi? Nani alipewa kandarasi? Ulifaa kukamilika lini? Weka jibu mtandaoni pamoja na picha ya mradi ulivyo leo. Wakinyamaza, hiyo pia ni habari, na unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Na ukikosea, kiri pale pale ulipoposti. Usifute kimyakimya. Majirani watakusamehe kosa moja. Lakini wakishakuzoea kama mtu wa uvumi, siku Lumi itakapofurika kweli hakuna atakayeamka.